Madirisha ya Mama Minza

Ninyi vijana mnaoshika mwiko siku hizi, leo nimekasirika, na sitajifanya mpole eti kwa sababu nimestaafu. Nimepiga plasta na kufunga madirisha tangu sijaota ndevu, Mbozi nzima, Tunduma, mpaka kule chini Momba ambako jua linakuunguza kisogo saa tatu asubuhi. Magoti yamekwisha, mkono wa kulia haunyooki, lakini macho bado ninayo. Na macho haya yameiona nyumba ya Mama Minza.

Mama Minza ni mjane wa mfugaji, Msukuma, anakaa mbele kidogo ya Chitete. Yeye na mumewe, marehemu Mzee Luhende, walihamia pale wakiwa vijana, na ng'ombe wao mbele. Nyumba yao ya tofali mbichi niliijenga mimi. Mwezi wa kumi uliopita nilikwenda Chitete kwenye msiba, na wakati wa kurudi nikamwambia wa bodaboda tupitie, nimsalimie. Tukaipita nyumba. Ikabidi tugeuze, maana sikuitambua.

Walikuwa wameibadilisha nje yote. Upenu wamekata, kuta wamezipandisha juu kuficha bati, kama zile nyumba mnazooneshana kwenye simu. Plasta ya saruji tupu juu ya tofali mbichi, rangi ya maziwa, na mbele vigae vya urembo vimebandikwa kama viraka. Madirisha yangu ya mbao wameng'oa, wameweka aluminiamu ya kusukuma yenye vioo vya buluu. Nusu ya kioo inasogea, nusu imekufa palepale. Na dirisha kubwa kuliko yote wameliweka magharibi, jua la jioni liingie bila hata kubisha hodi.

Mwenyewe nilimkuta jikoni kwake, lile jiko la nje lenye paa la nyasi na nguzo nne. Anachambua maharage. Pembeni yake kitanda cha kamba, kimetandikwa, na chandarua kimefungwa kwenye nguzo.

"Mama Minza, unalala hapa?"

"Nalala hapa, fundi. Karibu."

"Ni joto, siyo?"

"Joto lipo," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nikaingia ndani kujionea. Sikumaliza dakika kumi, shati likanigandia mgongoni. Hewa haitoki wala haiingii. Nilipotoka akaniambia habari yenyewe, kwa sauti ileile ya kuchambua maharage. Hiyo kazi aliigharamia mwanawe Shija, mwenye duka Tunduma. Sasa Shija ameona aibu, watu wanamcheka kwamba mama yake analala jikoni na nyumba ya vioo ipo. Ametoa neno: mvua za kwanza zikimkuta mama bado analala nje, ng'ombe waliobaki watauzwa na yeye atahamishiwa Tunduma, kwenye chumba nyuma ya duka.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Nikafanye nini Tunduma, fundi? Nikachunge malori?"

Alicheka, lakini mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo. Mumewe amezikwa pale. Ng'ombe wale ndio wamebaki kumwamsha asubuhi. Mwanamke huyu alikuwa anakwenda kung'olewa kwake kwa sababu ya dirisha. Ndiyo maana nimekasirika, na wala sioni haya kusema.

Nikauliza fundi ni nani. Akaniambia ni Erasto.

Erasto. Nimemfundisha mimi mwenyewe, miaka minne, mpaka nikampa timazi yangu ya shaba, ile ya kunyooshea kuta. Nikampigia palepale.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Erasto, umewahi kukaa ndani ya nyumba ya Mama Minza saa nane mchana?"

"Ile kazi mbona safi, Babu. Mwenye nyumba kafurahi kweli, mpaka nimeiweka status."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Si Shija, Babu."

"Shija analala Tunduma. Njoo huku kesho, na huyo Shija umlete." Nikakata simu kabla sijasema maneno ya kuombea toba.

Sasa nisikilizeni, maana mtasema mzee anajifanya hajawahi kukosea. Nimekosea, tena kwenye nyumba hiyohiyo.

Mimi ni mtu wa Isansa. Kwetu kule juu, kwenye kahawa, dirisha ni mahali pa kupitisha baridi. Mwezi wa sita ukiacha dirisha wazi, asubuhi unamkuta mtoto anakohoa. Kwa hiyo tulijenga madirisha madogo, juu, karibu na dari, na tukayafunga muda wote. Nilipoitwa na Mzee Luhende kwenda kujenga Momba, nilibeba madirisha ya kwetu kichwani kama mzigo. Nikamwekea matundu mawili yenye ukubwa wa sinia la chai, yote upande mmoja. Kule chini, jamani, ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli saa nne. Na Mzee Luhende alivyokuwa muungwana, aliniheshimu kama fundi, hakusema neno. Akaniaga kwa kuku wawili.

Mwaka uliofuata nikasikia familia nzima inalala nje. Nikaona aibu nusu, nusu nyingine nikajitetea kwamba wafugaji ni watu wa nje, ndivyo walivyozoea. Hata nilipopita mwezi wa saba, wakati hata kule chini watu wanajifunika blanketi, kitanda cha Mama Minza kilikuwa nje. Nikasema si unaona, ni mazoea tu. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Aliyeniumbua ni Fundi Sinkala. Huyu ndiye mwalimu wangu, mtu wa Tunduma aliyefanya kazi miaka mingi ng'ambo kule kwa Wazambia, na Kibemba kilikuwa kimemganda ulimini. Sisi wanafunzi wake alituita mwaice, yaani mtoto, hata ukiwa na wake wawili. Alipopata habari za nyumba ile alinichukua kwa sikio mpaka Momba. Akaingia chumbani, akafunga mlango na yale matundu yangu, akakaa kwenye kigoda. Mimi akaniweka chini. Ilikuwa saa nane mchana. Tukakaa. Jasho likaanza kwenye nyusi, likashuka shingoni, likafika nisikopenda kusema.

"Iwe mwaice, umewahi kulala humu?"

"Hapana, fundi."

"Ulijuaje kwamba ni nyumba?"

Alitoka nje, akajaza ndoo maji, akaurushia ukuta kama anayefukuza mbwa. Akanionesha maji yanapoingilia. Akasema kazi ya nyumba huanza kwa kigoda na ndoo. Ukishaloa jasho, umelijua joto. Ukishaloa maji, umeijua mvua. Futi kamba ifuate baadaye.

Tukaibomoa kazi yangu, tukafanya upya. Haya ninayowaambia hapa yashikeni, maana hayamo kwenye simu zenu. Tofali mbichi halitaki saruji tupu. Saruji ni ngumu, tofali ni laini, likivimba kwa unyevu saruji inapasuka, maji yanapita kwenye ufa na hayapati pa kutokea. Ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Miaka miwili tu, unagonga unasikia ngo-ngo kama debe tupu. Tofali mbichi lipige plasta ya udongo wa kichuguu, mchanga na samadi ya ng'ombe iliyochachuliwa siku tatu, kisha juu upake chokaa. Inanuka wiki moja, halafu inakaa kimya miaka. Chini kabisa, mpaka usawa wa goti, jenga mawe, kwa sababu mvua ya Momba hairidhiki na kuanguka, inaruka kutoka ardhini na kuila nyumba miguuni. Upenu utoke mkono mzima. Mvua ile inakuja na upepo, inalala ubavu, na mtu akikata upenu kule ni sawa na kumvua mtu kofia na viatu kwa pamoja.

Madirisha yatazamane, upepo upate njia. Mbao zifunguke kwa nje, ili tufani ikija izisukume zijifunge zenyewe. Kizingiti cha chini kiinamie nje, na chini yake ukate mfereji mwembamba kama kidole, tone la maji likifika pale lidondoke, lisitambae kurudi ukutani. Na dirisha lisielekee zizi, kwa sababu ya inzi na harufu; hilo niliongeza mimi. Mengine yote alinifundisha Sinkala, na ndivyo nilivyowafundisha ninyi.

Tulipomaliza, familia ya Luhende ikaingia ndani, na mimi nikatembea kifua mbele mpaka nilipostaafu. Sikurudi kuangalia nani analala wapi. Kazi nzuri, nilijua, haina haja ya kukaguliwa.

Basi Erasto akaja kesho yake kama nilivyomwamuru, na Shija ndani ya gari lake, ameshavaa miwani ya jua na uso wa mtu aliyesumbuliwa. Shija si mtu mbaya. Alimpenda mama yake akataka ajivune. Lakini alinisalimia kwa haraka na kusema, "Mzee, ile nyumba nimeweka kila kitu. Tatizo ni mama."

Nikawakalisha wote wawili ndani, kwenye lile kochi jipya chini ya dirisha. Nikafunga mlango, nikasukuma vioo vyote, kama inavyokuwa mvua ikinyesha. Nikakaa nao. Saa nane mchana ileile. Shija akavua miwani, kisha koti, kisha akaanza kujipepea kwa karatasi za dukani kwake. Erasto alikuwa anatazama miguu yake.

"Mama Minza," nikaita, "tuletee mvua."

Nilikuwa nimeshampanga. Alisimama nje na ndoo mbili. Ya kwanza akairusha kwenye kioo cha buluu kwa nguvu ambayo sikutarajia kwa mwanamke wa umri wetu. Maji yakajaa kwenye reli ya dirisha, yakatulia kidogo kama yanafikiri, halafu yakamiminika yote ndani, kwenye mapaja ya Shija. Kabla hajasimama ikaja ya pili, ambayo mimi sikuiagiza.

Nikamwita Erasto aje karibu. Kila fremu ya aluminiamu ina vitundu vidogo chini, vya kutolea maji ya reli. Vitundu vya fremu zake vilikuwa vinatazama ndani. Alifunga madirisha yote nyuma mbele, nyumba nzima, na hakuna aliyeona kwa sababu alipiga picha siku ya jua. Halafu akagonga ukuta alipouona mkono wangu unagonga, na sote tukasikia ngo-ngo. Haukuwa umemaliza hata mwaka.

"Nimeelewa, Babu," akasema taratibu.

"Hujaelewa. Umeloa tu. Utaelewa ukishabomoa."

Tulibomoa. Wiki mbili, mawingu yanatukodolea macho kila alasiri. Tukashusha kuta zilizoficha bati, tukarudisha upenu, tukakwangua saruji, tukakanyaga udongo na samadi kwa miguu, na Erasto na jinzi zake za bei ndiye aliyekanyaga zaidi. Aluminiamu yote tukang'oa tukarudisha madirisha ya mbao, na lile la magharibi tukalipunguza. Shija alituma mbao nzuri kutoka Tunduma, hilo sitamnyima. Siku ya mwisho nilikaa kwenye kigoda chumbani kwa Mama Minza, saa nane, na upepo ukapita masikioni mwangu. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Mvua ya kwanza ikaja siku ile ile alasiri, ikapiga saa nzima, na ndani hakikuingia hata kijiko cha maji. Ilipokatika tukatoka nje, mimi, Erasto na Shija aliyekuwa amekuja kukagua. Mama Minza alikuwa ameshafika jikoni kwake. Anakung'uta godoro. Anatandika kitanda cha kamba, palepale.

Shija aliniangalia bila hasira, na hiyo iliniuma zaidi. "Umeona, Mzee? Nilikwambia siyo nyumba. Ni mama. Jumamosi naleta gari, na mnunuzi wa ng'ombe nimeshampata."

Nilitaka kumgombeza Mama Minza. Kweli kabisa, nilivuta pumzi ya kumgombeza. Nyumba imepoa, mvua haiingii, tumevunjika migongo, unataka nini tena? Nikaenda mpaka kitandani kwake, na kwa sababu magoti yalikuwa yanauma nikakaa. Nikakaa pale anapoweka mto. Ndipo nikainua macho.

Kutoka pale, kati ya nguzo mbili za jiko, unaliona lango la zizi. Unaliona lote, na mti wa kufungia ndama, na njia wanayorudia ng'ombe.

"Mama Minza, ukilala hapa unaangalia nini?"

"Si unaona mwenyewe, fundi."

"Kwa hiyo siyo joto."

"Joto lipo, sikatai. Lakini mbona mwezi wa saba nalala hapa na blanketi mbili? Hukujiuliza?" Akakaa chini, akanyoosha miguu. "Ng'ombe akilia ndani ya ile nyumba nasikia, lakini sioni. Ni fisi, ni mwizi, ni anazaa, sijui. Nalala hapa tangu mtoto wangu wa kwanza. Luhende alikuwa anasafiri na mifugo, waliobaki nyumbani walikuwa wangu kuwalinda. Mtu atalalaje akiangalia ukuta?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuja ukapima ukuta. Ukaja na mwalimu wako, akamwuliza Luhende, mkapima ukuta. Erasto akamwuliza Shija. Mimi nilipika, mkala, mkaondoka."

Na mimi, juzi tu, nilipomkuta pale, nilimwuliza kama ni joto. Nikamjibia mwenyewe. Nilikuwa na kigoda, nina ndoo, nina hekima yote ya Sinkala, nikawaita wenzangu niwaumbue, na miaka yote hiyo mwanamke analala nje kwa sababu mtu wa kahawa aliona harufu ya zizi ni aibu. Ile harufu ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake. Hasira niliyotoka nayo nyumbani haikuisha, ila ilibidi nigeuke niitazame inakoelekea.

Nikaomba nyundo na patasi. Erasto akasema, "Lete, Babu, nitafanya mimi." Nikamwambia asogee. Tundu lile nililinyima mimi, nalitoboa mimi. Nilimwambia Mama Minza aingie, alale kwenye kitanda cha ndani, na anionyeshe kwa kidole mahali macho yake yanapofika ukutani. Akalala na viatu vyake, akanyoosha kidole. Nikaweka alama kwa mkaa, chini sana, chini kuliko fundi yeyote anavyoweka dirisha, na nikaanza kugonga. Mkono usionyooka ulinikumbusha umri kila pigo. Erasto akaendelea pale niliposhindwa, na Shija, na shati lake la dukani, alikuwa anapokea tofali.

Tulimaliza tundu kabla ng'ombe hawajarudi. Fremu na mbao zingefuata kesho yake. Tukasimama watatu palepale mbele ya lile tundu, tumechafuka mpaka kope, tunakagua kingo kama mafundi tunavyopenda kufanya, na nyuma yetu tukasikia kwato kwenye tope la mvua.

Ndani, Mama Minza alikuwa bado amelala. Akaanza kuita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita watoto waje kunawa: Kidoa, Mkaidi, na yule mwenye pembe moja. Shija alitoa simu mfukoni, akatafuta namba ya mnunuzi wa ng'ombe, akaifuta, akarudisha simu mfukoni.

Nikangoja neno la sifa kutoka kwa Mama Minza. Ninakiri nilingoja, na umri wangu huu.

"Wabeja, fundi," akasema Mama Minza. "Ahsante. Sasa tokeni hapo dirishani, mnanizibia."